Maili za magari Marekani hazisomwi kwenye dashibodi
Wengi huamini kwamba Marekani hujua magari ya kila jimbo yametembea maili ngapi kwa kusoma mita za dashibodi, au kwa kupiga hesabu ya mafuta yaliyouzwa. Sivyo. Kazi kubwa hufanywa na mpira mweusi kama wa bomba, uliolazwa kukatiza barabara, mara nyingi kwa saa 48. Tairi zikiukanyaga, hewa husukumwa hadi kwenye kisanduku kilicho kando ya njia, nacho huhesabu ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha tairi za kushoto na kulia. Ekseli mbili, gari moja. Ila lori la ekseli tano lingeonekana magari mawili na nusu, ndiyo maana hesabu hurekebishwa. Kisha wastani wa magari kwa siku huzidishwa kwa urefu wa kipande cha barabara: magari 10,000 kwenye maili 2 ni maili 20,000 za safari.

Majimbo huwasilisha takwimu hizo kwa serikali kuu kila mwaka, kupitia mfumo ulioanza 1978. Je, safari zikizidi, fedha za barabara ambazo jimbo hupewa na serikali kuu nazo huzidi? Zamani ndiyo, kwa kiasi, kwa kuwa maili za safari ziliingia moja kwa moja kwenye fomula ya kugawa fedha hizo. Tangu sheria ya 2012, mgawo hufuata zaidi fungu ambalo jimbo lilikuwa likipata awali.