Bill si Ken: yanayokosewa kuhusu mzee wa Coronation Street

Mwaka 1998 Waziri Mkuu wa Uingereza, Tony Blair, alitangaza kwamba atazungumza na waziri wake wa mambo ya ndani kuhusu mama mmoja aliyefungwa jela kwa kosa la mtu mwingine. Magazeti yalikuwa yameshaanzisha kampeni ya kutaka aachiwe huru. Mama huyo aliitwa Deirdre, na hakuwahi kuzaliwa. Alikuwa mhusika wa tamthilia ya Coronation Street, amedanganywa na mchumba tapeli, na hakimu aliyemfunga naye alikuwa mwigizaji anayelipwa mshahara. Blair alikuwa anatania, lakini mwanasiasa hapotezi utani mahali ambapo watu hawasikilizi.

Kwa hiyo tusiicheke sana Uingereza. Marehemu shangazi yangu alikuwa akiitukana televisheni mpaka majirani wanagonga mlango, kisa mama mkwe wa tamthilia ya Kifilipino. Anayenivutia mimi lakini ni mwanamume aliyecheza kama mume wa Deirdre: William Roache, ambaye Waingereza humwita Bill, na ambaye tangu 9 Desemba 1960 amekuwa mtu anayeitwa Ken Barlow. Miaka yote hiyo watu wameshindwa kuwatenganisha hao wawili, na kosa hilo liliwahi kumfikisha mahakamani. Hizi hapa dhana zinazorudiwa kuhusu yeye na tamthilia yake, moja moja.

“Ni tamthilia za matangazo ya sabuni”

Hili nilipitie haraka. Waingereza huziita tamthilia za namna hii kwa jina la sabuni, na jina lenyewe limetoka Marekani, kwenye redio za miaka ya 1930, ambako kampuni za sabuni kama Procter & Gamble zilidhamini michezo ya mchana iliyosikilizwa na akina mama majumbani. Uingereza ilichukua jina ikaacha sabuni. EastEnders, mshindani mkubwa wa Coronation Street, inarushwa na BBC, ambayo nyumbani kwao haionyeshi matangazo ya biashara kabisa. Coronation Street yenyewe ni ya ITV. (Msomaji wa Dar, tulia: si ile ya Mikocheni.)

“Huo mtaa upo, ukienda Manchester utaukuta”

Utaukuta, ila hakuna anayelala humo. Mtaa wa Coronation Street uko Weatherfield, mji wa kubuni uliofinyangwa kwa sura ya Salford, jirani kabisa na Manchester: nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, baa kwenye kona, duka, na watu wanaojua nani kachelewa kurudi jana usiku. Mwanzoni nje na ndani vyote vilijengwa studioni. Baadaye wakajenga mtaa wa uwanjani, na ule wa matofali ulifunguliwa na Malkia Elizabeth mwenyewe Mei 1982. Fikiria malkia wa kweli anakagua mtaa wa uongo, na wakazi wamesimama mlangoni kumpokea wakiwa ndani ya nguo za wahusika wao.

“Aliingia akijua kapata kazi ya maisha”

Mtunzi, Tony Warren, alikuwa kijana wa miaka 24, na kituo cha Granada kilimpa episodi 13 tu za kujaribia. Mchambuzi wa gazeti la Daily Mirror aliitazama ya kwanza akaandika kwamba haitafika mbali. Roache, aliyezaliwa 25 Aprili 1932, alikuwa na miaka 28, na mtu wa miaka 28 anayetafuta nafasi kwenye uigizaji hapangi maisha kwa episodi 13.

Kazi nayo haikuwa ya kuuza sura. Siku za mwanzo zilikuwa episodi mbili kwa wiki. Ya Ijumaa ilikwenda hewani moja kwa moja, na wakishamaliza tu, bila hata kupoa, wanarekodi ya Jumatano. Ukisahau maneno, taifa linakuona unavyosahau. Kufikia 2017 zilikuwa episodi sita kwa wiki, zinapigwa vipandevipande bila kufuata mpangilio: asubuhi unamzika mtu, mchana unagombana naye. Na waigizaji wengi wa tamthilia hizi wako kwenye mikataba ya mwaka mmoja, pengine miezi sita. Mwandishi akiamua lori likugonge, umegongwa.

“Ken ndiye Bill mwenyewe”

Hapa ndipo penye kesi.

Ken Barlow tunakutana naye mara ya kwanza mezani kwao. Ni kijana wa chuo kikuu, mtoto wa mtu wa posta, na macho yake yanaishia kwenye chupa ya sosi ambayo baba anaimimina kwenye chakula chake. Ken hasemi kitu, ila uso unasema. Baba anauona ule uso, na ugomvi unaanza. Dakika chache tu, lakini nchi nzima ikamwelewa: msomi anayeona aibu kwao na anayeona aibu kwa kuona aibu. Akaendelea hivyo. Akawa mwalimu, akawa mhariri wa gazeti la mtaani, uzeeni akakusanya vitoroli vya supamaketi. Mtu wa mrengo wa kushoto, mpinga vita, bingwa wa kuhutubia watu waliokwenda baa kunywa bia yao. Ndoa nne kwa wanawake watatu: Valerie alikufa kwa umeme wa mashine ya kukaushia nywele, Janet akajiua, na Deirdre alimuoa mara mbili.

Bill ni habari nyingine. Kabla ya uigizaji alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, katika kikosi cha Royal Welch Fusiliers, akafikia ukapteni, na sehemu ya utumishi wake ilikuwa jangwani kwenye Ghuba, huko ambako leo ni Falme za Kiarabu. Kisiasa ni mtu wa chama cha Conservative, chama ambacho Ken asingekipa hata kiti cha kukalia. Ukiwakutanisha wawili hao pale Rovers Return, baa ya mtaa ule, sidhani kama wangemaliza glasi ya kwanza.

Mwaka 1990 gazeti la The Sun likaandika kwamba Bill anachosha kama Ken anavyochosha, na kwamba wenzake kazini hawampendi. Wengine wangenyamaza. Yeye akashtaki kwa kuchafuliwa jina, na 1991 jopo la raia likakubaliana naye na kumpa fidia ya paundi 50,000. Wengi wanaikumbuka hadithi hii kuishia hapo: mzee kashinda, gazeti limeaibika.

Kumbe kabla kesi haijasikilizwa, gazeti lilikuwa limeweka mahakamani paundi 50,000, ni kama kusema: chukua, yaishe. Kwa utaratibu wa Uingereza wa wakati ule, mdai akiziacha fedha hizo halafu hukumu isimpe zaidi, gharama za kesi za upande wa pili tangu siku hiyo zinaweza kumwangukia yeye. Wanajopo hawaambiwi kiasi kilichowekwa. Wakaingia chumbani, wakapiga hesabu zao, wakatoka na paundi 50,000. Zilezile, bila hata moja kuzidi. Jaji alimhurumia akamwachia gharama zake zilipwe na gazeti, lakini 1992 Mahakama ya Rufani ikaligeuza hilo. Ushindi ukawa deni. Akawashtaki mawakili wake kwa uzembe, akashindwa, deni likazidi kuvimba, na mwaka 1999 akatangazwa kuwa amefilisika.

Nikiwaza kesi hiyo, kinachonisumbua si fedha. Alikwenda mahakamani kuiambia nchi kwamba yeye si Ken, kisha akaishughulikia kesi kwa namna ambavyo Ken hasa angefanya: kwa msimamo, kwa kanuni, mpaka mwisho, na kwa hasara. Mimi ningezichukua zile 50,000. Lakini ndiyo maana mimi sijadumu kazini miaka 60.

Na hilo linaifuta dhana nyingine bila kuhitaji kichwa chake: kwamba nyota wa televisheni ni tajiri milele. Mwaka ule alipofilisika alikuwa bado anaonekana sebuleni kwa mamilioni ya watu kila wiki.

“Rekodi ya dunia ni yake tangu zamani”

Nusu kweli. Don Hastings, Mmarekani wa tamthilia ya As the World Turns, alianza kucheza mhusika wake Oktoba 1960, miezi miwili kabla ya Roache. Kwa karibu miaka 50 Bill alikuwa nyuma yake. Tamthilia ya Hastings ilifungwa Septemba 2010, na hapo ndipo Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakampa Mwingereza rekodi ya mwigizaji aliyedumu zaidi katika tamthilia moja. Miezi mitatu baadaye, akiwa na miaka 78, alikuwa tena hewani moja kwa moja, saa nzima, kwenye episodi ya kutimiza miaka 50, siku chache baada ya tramu kuanguka mtaani (tramu ya uongo, mtaa wa uongo, wasiwasi wa kweli). Mwaka 2022 alifikisha miaka 90 akiwa bado kazini.

“Ni shimo, ukiingia hutoki”

Ben Kingsley alipita Coronation Street miaka ya 1960, kabla ya Oscar yake. Sarah Lancashire alikuwa mhudumu wa baa pale Rovers. Leo wengi wanamjua kwa tamthilia ya Happy Valley. Na mtoto wa Bill mwenyewe, Linus Roache, akiwa mdogo alicheza kama mtoto wa Ken, akaondoka, akaja kuwa mfalme Ecbert kwenye Vikings. Mwaka 2010 alirudi mtaani kwa muda, safari hii kama mtoto mwingine wa Ken, aliyezaliwa nje na kukua bila baba. Ikabidi Bill amtazame mwanawe wa kumzaa usoni na kuigiza kwamba hawajuani.

“Machozi yale ni ya kulipwa”

Anne Kirkbride, aliyekuwa Deirdre, alifariki Januari 2015. Mara ya mwisho watazamaji walimwona Oktoba 2014, amekasirika, anarusha bakuli la kitindamlo ukutani. Kwenye hadithi ikasemwa amekwenda kukaa kwa rafiki, na kwa miezi mingi Ken aliongea naye kwa simu, yaani Bill alishika simu isiyo na mtu upande wa pili.

Julai 2015 waandishi wakalazimika kumuua Deirdre. Nyumbani kwa Barlow inaandaliwa sherehe yake ya kutimiza miaka 60, anasubiriwa. Mlango unagongwa. Anaingia rafiki, peke yake. Ken anaambiwa kwamba mkewe alikuwa amekaa bustanini, akafa kimya kimya. Bill alikuwa amecheza na Anne tangu miaka ya 1970, na wakati kamera zinamtazama anapewa habari hiyo kama Ken, yeye alikuwa ameshaipokea miezi sita nyuma.