Stempu ya Kale ya Denmark: Igeuze Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa nyumbani anayefanya kazi hapa Copenhagen alinitumia ujumbe. "Shikamoo mzee. Nimeipata hii kwenye soko la vitu vya zamani, muuzaji anasema ni ya 1851. Nimetoa krone 900. Nimepigwa?" Chini yake kulikuwa na picha ya stempu ya buluu, imegongwa muhuri mweusi safi kabisa. Nikaitikia marahaba, kisha nikamwomba picha ya pili, ya mgongo. Akashangaa. Mgongoni kuna nini?

Kuna karibu kila kitu. Uso wa stempu ndio mghushi aliokesha akiuhangaikia, maana anajua huko ndiko macho ya mnunuzi yatakapokwenda. Karatasi hakuihangaikia kiasi hicho. Ndiyo maana mimi stempu ya Denmark ya zama hizo huilaza kifudifudi kwanza, na uso nautazama mwisho.

Denmark ilianza kutumia stempu tarehe 1 Aprili 1851. Ya kwanza ilikuwa ya kahawia, ya rigsbankskilling 4 (skilling ndiyo sarafu ya zama hizo), kwa barua za ndani ya nchi. Wiki chache baadaye ikafuata ya buluu ya rigsbankskilling 2, kwa barua za mjini Copenhagen tu. Zilichongwa na kuchapwa na Martinus William Ferslew, na alipofariki 1852 kazi ikashikwa na kiwanda cha Thiele, kilichoendelea kuichapia Denmark stempu mpaka 1933. Hazikuwa na matundu ya kuchania, zilikatwa kwa mkasi. Ila zilikuwa na kinga mbili nzuri sana. Kwanza, alama ya maji: taji dogo lililomo ndani ya karatasi yenyewe. Pili, wavu wa mistari myembamba ya mawimbi, ya kahawia inayokaribia manjano, uliochapwa karatasini kabla ya picha. Wakusanyaji wanauita burelaji.

Taji utalionaje? Naiweka stempu kifudifudi kwenye kisahani cheusi, natonesha benzini safi isiyo na mafuta, dirisha likiwa wazi na bila moto wowote karibu. Pale karatasi ilipo nyembamba giza la kisahani linapenya, na taji linajitokeza kwa sekunde chache kabla benzini haijakauka. Benzini hiyo hiyo ni mmbea mkubwa. Inasema palipochubuliwa, palipozibwa tundu, palipoungwa ukingo. Stempu zisizo na matundu bei yake iko kwenye kingo, na ile yenye kingo nne kamili inauzwa ghali kuliko iliyoliwa na mkasi. Kwa hiyo wapo mafundi wanaobandika kipande cha karatasi pembeni na kukichorea. Stempu ikiwa kavu huoni kitu. Ikilowa, ule mshono unajianika.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Stempu yake aliniletea mwenyewe jioni. Karatasi ilikuwa nzito, ina umanjano, na taji halikuwemo. Burelaji ilikuwepo, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika wakaamini kila kitu kingine. Lakini hii haikuwa bandia kwa maana ya kughushiwa. Ilikuwa ni chapa ya marudio.

Tofauti hii ni muhimu, na wauzaji wengi wanapenda kuikoroga. Chapa za marudio, ambazo Wadenishi wanaziita nytryk, yaani chapa mpya, zilitoka kwa njia ya halali. Zile stempu mbili za 1851 zilirudiwa 1885 na 1901 kwenye karatasi nzito yenye umanjano, bila alama ya maji. Ile ya buluu ilirudiwa pia bila burelaji. Ile ya kahawia ikarudiwa tena 1951, ilipotimiza miaka 100, kwa vivuli kumi vya rangi, na mgongoni ikaandikwa wazi kwamba ni sampuli ya rangi ya 1951. Nyingine za 1961 zina maneno "Farve Nytryk 1961" mgongoni. Hapo hakuna aliyemdanganya mtu. Udanganyifu unaanza pale mjanja anapoyakwangua maneno hayo kwa wembe. Karatasi inabaki nyembamba mahali pamoja, na ile benzini yetu inamsema.

Kwenye stempu ya kijana, ujanja ulikuwa ni muhuri. Umegongwa muhuri wa miduara wenye namba 1 katikati, ambayo ni namba ya Copenhagen, na kwa stempu ya mjini inaelekea. Ila fikiria: chapa ya marudio ya zamani kabisa ni ya 1885. Skilling ilishakufa tangu tarehe 1 Januari 1875, Denmark ilipohamia krone na øre. Sasa barua gani hiyo iliyolipiwa kwa sarafu iliyozikwa miaka kumi nyuma? Muhuri juu ya chapa ya marudio ni uongo mtupu, hata uwe umegongwa kwa ustadi gani. Kioo cha kukuzia kilithibitisha: wino ulikaa juu ya karatasi kama umetua jana, haukuingia kwenye nyuzi.

Toleo la 1864, lile la taji, upanga na fimbo ya kifalme, nalo lilirudiwa 1886. Karatasi nyeupe nzito, haina alama ya maji, haina matundu. Hapa kuna kichekesho. Isipokuwa ile ya skilling 4, zilichapwa safu mbili zilizolala mzungu wa nne, moja kichwa juu na jirani yake kichwa chini. Basi ukikuta pea ya namna hiyo, muuzaji atakunong'oneza kwamba ni kosa la uchapaji, adimu kama maziwa ya kuku. Mwache anong'one. Ukiiona imelala mzungu wa nne na haina matundu, ujue ni ya 1886. Halisi za 1864 zina taji ndani ya karatasi.

Bandia kamili, iliyotengenezwa kuanzia mwanzo, mimi hainitishi sana. Picha halisi za zama hizo zilichapwa kwa bamba lenye mistari iliyoinuka: wino unasukumwa kuelekea kingo za mstari, na ukiinamisha stempu kwenye mwanga wa pembeni utaona mgandamizo kidogo kwa nyuma. Bandia nyingi zilichapwa kwa jiwe, wino umelala bapa. Za kisasa za kompyuta zina vidoa vidoa ukizikuza. Taa ya urujuanimno nayo husaidia: karatasi ikimeta kwa weupe wenye ubuluu, ina dawa ya kung'arisha ambayo 1851 haikuwepo. Tahadhari moja tu, stempu halisi iliyooshwa kwa sabuni ya kisasa inaweza kumeta pia, kwa hiyo taa peke yake isikuhukumie kesi.

Kinachonikosesha usingizi ni stempu halisi iliyoongezewa kitu. Mwaka 1863 skilling 4 na 16 zilitolewa zikiwa na mikato midogo kingoni, na ile ya 16 ni ya thamani. Mtu anachukua ya 16 isiyo na mikato, anaitia mikato yake mwenyewe. Karatasi ni sawa, taji lipo, wino ni wa Thiele. Hapo natoa rula. Mikato ya kiwandani ilipita katikati ya nafasi kati ya stempu na stempu. Mghushi anaanza na stempu iliyokwisha kukatwa, kwa hiyo ya kwake mara nyingi inakuwa ndogo kuliko ndugu zake.

Hali ni hiyo hiyo kwa stempu zenye neno POSTFÆRGE, zilizoanza 1919 kwa vifurushi vya feri ya kati ya mji wa Esbjerg na kisiwa cha Fanø. Ni stempu ya kawaida iliyopigwa neno moja juu yake, na neno moja ni rahisi kulipiga tena. Kwa iliyotumika, angalia panapopishana neno na muhuri: neno lazima liwe chini, muhuri juu. Nimewahi kuona muhuri ulio chini ya neno, na stempu ile ilikuwa na sahihi ya mtaalamu mgongoni. Sahihi nazo zinaghushiwa.

Kijana aliporudi kuichukua nilimshauri adai hela zake. Akacheka, akasema yule mzee wa sokoni hatampata tena. Kisha akaomba penseli, akafungua albamu yake mpya, na chini ya ile stempu ya buluu akaandika: nytryk, muhuri wa uongo, krone 900.