Makamasi Yanayoshuka Kooni: Sindano za Kichina Husaidia Nani?

Makamasi kushuka kooni ni ugonjwa?

Hapana, ni dalili. Pua na sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, hutengeneza ute unaokaribia lita moja kwa siku, nasi huumeza bila kujua. Adha huanza ute ukizidi au ukiwa mzito. Mtu husafisha koo kutwa nzima, hukohoa akilala chali, na huamka sauti imekwaruza.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa, uliza chanzo. Mara nyingi ni mzio wa vumbi la godoro, mende, manyoya ya paka au chavua, yaani unga wa maua: pua huwasha, chafya hufuatana, macho hutoa machozi. Mafua na maambukizi ya sainasi nayo huleta hali hii. Matone ya kuzibua pua, kama yale ya xylometazoline, yakitumika zaidi ya siku 5 hivi huanza kuiziba pua yenyewe. Mgonjwa huongeza matone, pua huzidi kuziba. Na wapo wanaohisi kohozi kooni ilhali pua ni safi kabisa: hao wengi wao asidi ya tumbo ndiyo inayopanda.

Sindano za Kichina, yaani akupancha, zinasaidia chanzo kipi?

Mzio wa pua. Hapo ndipo penye ushahidi wa maana. Nchini Ujerumani watafiti walifuatilia wagonjwa 422 wenye mzio wa chavua, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Waliochomwa sindano mara 12 ndani ya wiki 8 walipata nafuu na kupunguza vidonge vya mzio kuliko waliochomwa sindano za kuigiza, yaani zisizochomwa sehemu za tiba. Lakini tofauti haikuwa kubwa, na ilipofika wiki ya 16 ilikuwa imetoweka. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2015 unaruhusu mgonjwa wa mzio asiyependa dawa apewe nafasi ya tiba hii.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaona watu wakimaliza akiba yao kwa sindano huku tatizo lao ni asidi au matone ya pua. Asidi haitibiwi kwa sindano za usoni. Matone huachwa, basi, ingawa siku za mwanzo pua itaziba na kuhitaji uvumilivu.

Ni sindano zile za hospitali?

Hizi hazina tundu wala dawa ndani. Ni nyuzi za chuma kisichoshika kutu, unene wake takriban milimita 0.20 hadi 0.25, wakati sindano ya kawaida ya msuli ina milimita 0.6 au zaidi. Zanzibar tiba za Kichina si ngeni; timu za madaktari kutoka China zilianza kufika huko mwaka 1964.

Huchomwa sehemu zipi?

Kwa pua, sehemu kuu ni *Yingxiang*, kando ya tundu la pua, penye mkunjo unaoshuka kuelekea mdomoni. Hapo sindano hulazwa mshazari na kuingia milimita chache tu. Ya pili ni *Yintang*, katikati ya nyusi. Mkononi kuna *Hegu*, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mguuni kuna *Zusanli*, upana wa vidole vinne chini ya pia ya goti, kidogo nje ya mfupa wa muundi.

Sehemu ya kisogo, *Fengchi*, ndiyo inayotaka mkono wa mjuzi. Iko kwenye vishimo viwili chini ya fuvu. Sindano huelekezwa kwenye ncha ya pua. Ikichomwa kwenda juu na kwa kina, inaelekea kwenye shina la ubongo.

Ukichomwa vizuri utahisi uzito, ganzi au mvuto, si maumivu makali. Ukihisi kama shoti ya umeme, sema papo hapo. Sindano huachwa dakika 20 hadi 30. Kula kitu kabla ya kwenda na uchomwe ukiwa umelala, maana wengi wanaozimia ni wenye njaa waliochomwa wamekaa. Ikifika mara ya 6 na kikohozi cha usiku hakijapungua, usiendelee kulipia.

Hatari ni zipi?

Kubwa ni sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine: huambukiza homa ya ini B na VVU. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, na sindano ikitolewa itupwe. Kuchoma kwa kina kifuani au mgongoni juu kunaweza kutoboa pafu, na kwa tatizo la pua hakuna haja ya kuchomwa huko. Mjamzito aseme mapema, kwani *Hegu* huepukwa katika ujauzito. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye aseme, kwa ajili ya kuvuja damu.

Nyumbani nifanye nini?

Usijichome. Unaweza kubonyeza *Yingxiang* kwa vidole dakika moja hadi mbili, mara kadhaa kwa siku. Pua hufunguka kwa muda mfupi.

Kinachosaidia zaidi ni kuosha pua. Chemsha maji yatokote kwa dakika moja (ukiishi nyanda za juu kuzidi mita 2,000, dakika tatu), yaache yapoe hadi vuguvugu. Pima mililita 240, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Inama kwenye sinki, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina kwenye tundu la juu yatokee la chini. Yakiunguza, chumvi ni nyingi au kidogo mno. Usitie magadi ya maharage. Na usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa: kuna amiba, kijidudu cha majini, ambayo ikiingia puani hushambulia ubongo.

Kama una dawa ya kupulizia ya mzio, osha kwanza, kisha pulizia ukielekeza nje, upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, ambao huvuja damu. Nguvu yake kamili huchukua hadi wiki mbili, na wengi huiacha siku ya tatu.

Lini niende kwa daktari wa pua na koo?

Makamasi yakiwa na damu, uso ukiuma pamoja na homa, macho yakivimba, au dalili zikipita wiki 12. Maji meupe kama ya kunywa yakitoka tundu moja baada ya kuumia kichwa, nenda siku hiyohiyo. Mtoto anayetoa makamasi yenye harufu upande mmoja tu, mwangalie puani: mara nyingi kuna punje ya haragwe, shanga au kipande cha sifongo. Usikichokonoe, kitazama zaidi. Mpeleke akatolewe.