Sumu ya nyoka na DNA yako: maswali na majibu

Je, sumu ya nyoka huharibu vinasaba vya mtu aliyeumwa?

Si kwa namna wengi wanavyohofia. Ni kweli kwamba sumu ya nyoka wengi ina vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) vinavyokata DNA, yaani molekuli inayobeba vinasaba, na RNA, molekuli jamaa ya DNA. Ila DNA yako imehifadhiwa ndani ya kiini cha seli, na vimeng'enya hivyo havina uwezo wa kupenya seli ambayo haijapasuka. Husubiri sumu nyingine zilizomo humohumo zipasue seli kwanza. DNA, RNA na ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) zikishamwagika nje, ndipo vinapopata cha kukata.

Na mtoto nitakayezaa baadaye?

Hatarithi chochote. Mama aliyeumwa akiwa mjamzito ni suala jingine: sumu inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo awahishwe hospitali.

Vimeng'enya hivyo hukata vipi?

Vingine hukata uzi wa DNA au RNA katikati. Kimoja kiitwacho fosfodiesterasi huanzia kwenye ncha na kutoa nyukleotidi (vipande vidogo vinavyounda uzi huo) moja baada ya nyingine, kama mtu anayechopoa shanga. Utaratibu huo ulimsaidia Robert Holley wa Marekani, aliyetumia fosfodiesterasi ya sumu ya nyoka katika kazi ya kusoma mpangilio wa RNA, iliyokamilika 1965 na kumpa Tuzo ya Nobel 1968.

Kama vinakata mabaki tu, madhara yako wapi?

Yako kwenye kinachobaki baada ya kukata. Kimeng'enya kingine huzipokea nyukleotidi na kuziondolea fosfeti, na hapo hupatikana adenosini. Hospitalini adenosini hutumika kama dawa ya kutuliza moyo unaokwenda mbio, kwa kipimo na chini ya uangalizi. Ikizalishwa ovyo mwilini hupanua mishipa ya damu, presha ikashuka, na huzuia chembe sahani (chembe za kugandisha damu) zisishikamane, damu ikazidi kutoka. Mgonjwa analegea huku sumu nyingine zikiendelea na kazi.

Kwa nini baadhi ya watu huoza nyama mahali walipoumwa?

Sababu ni nyingi, lakini moja inastahili kuelezwa kwa kirefu. Chembe nyeupe za damu zikikutana na hatari hurusha nje DNA yake zenyewe, ikawa wavu wa kunasa adui. Mwaka 2016 watafiti wa India walieleza kwamba sumu ya nyoka Echis carinatus, aina ya kipiri, ina upungufu wa kimeng'enya cha kukata DNA. Wavu haukatiki, unaziba mishipa midogo, na sumu inakwama palepale ikila nyama. Panya waliochomwa sumu hiyo kisha wakapewa kimeng'enya hicho walinusurika na uharibifu mkubwa wa mkia. Sumu yenye kimeng'enya hicho kwa wingi huyeyusha wavu na kusambaa mwilini. Yaani kinga ileile humuumiza mgonjwa huku ikizuia sumu isiende mbali! Hayo ni majaribio ya wanyama, si tiba ya kujaribu nyumbani.

Nikiumwa nifanye nini?

Tulia, usitembeze kiungo kilichoumwa, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, nenda hospitali haraka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Dawa ya kupinga sumu hunasa sumu ambayo bado inazunguka. Nyama iliyokwisha kufa haiwezi kuifufua.