Kumuuliza mtoto kuhusu kujiua hakumpi wazo

Wazazi wengi hapa Uganda bado wanaamini ukimuuliza mtoto kama anafikiria kujiua basi umempandia wazo kichwani, kwa hiyo wananyamaza, wanamwita padri au shehe amwombee, au wanamwachia senga, yaani shangazi yake, wakingoja ipite. Hapana jamani. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kuuliza hakumsukumi mtu, mara nyingi kunampunguzia mzigo maana hatimaye kuna mtu ameona.

Muulize moja kwa moja, mkiwa wawili tu, simu umeweka mbali: "Mwanangu, naona siku hizi huli, umegawa vitu vyako, unafikiria kujiua?" Halafu nyamaza usikilize. Najua kitakachokujia mdomoni, "unatuaibisha", "ni dhambi", hata polisi utamtajia maana sheria yetu kwa miaka mingi imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini ukianza hivyo anafunga mdomo na hutasikia kitu tena, tafadhali jizuie.

Akisema ndiyo usimwache peke yake, hata usiku. Dawa ya kupulizia shamba na vidonge vya nyumbani fungia kwa kufuli au vitoe nyumbani siku hiyohiyo, kwa sababu mara nyingi ile hamu kali inapanda kwa muda mfupi kisha inashuka. Maombi yaendelee, sijakataza, ila yaende pamoja na matibabu: piga 116, laini ya watoto ya Sauti, ni bure, au mpeleke hospitali ya rufaa iliyo karibu, Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili.