Chembe zinazong'aa za mahindi na miwa: zikimaliza kazi mwilini zinakwenda wapi?

Baada ya somo la saratani ya matiti Mbuyuni, Moshi, mama mmoja alinisogelea: amesikia kuna vidude vya mahindi vinavyowaka mwilini na kuonyesha uvimbe. Maswali ni yake.

Mwanangu, ni vitu gani hivyo?
Ni chembe za polima, yaani molekuli zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Unywele una upana wa nanomita 80,000 hivi. Nyingi ya chembe hizi hazifiki 200. Zimebeba rangi inayopokea mwanga wa aina moja na kurudisha wa aina nyingine. Kwenye kliniki ya macho utatiwa tone la rangi ya njano, daktari amulike taa ya bluu, na penye mkwaruzo pang'ae kijani. Ni jambo lilelile.

Mahindi yanaingiaje?
Sukari ya mahindi au miwa huchachushwa na bakteria ikatoa asidi ya laktiki, ileile inayoupa mtindi uchachu. Ikiunganishwa, inakuwa plastiki, na hiyo ndiyo polima ya chembe hizi.

Zikimaliza kazi?
Hapa ndipo pa kuuliza sana, mama. Maji ya mwilini huukata uzi ule kidogokidogo hadi ibaki asidi ya laktiki, na hiyo mwili unaijua: misuli huitoa unapopanda mlima. Baadhi ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka ni za ukoo huohuo. Chembe isiyovunjika ikizidi nanomita 6 hivi haipiti kwenye chujio la figo. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Kuna chembe nyingine za kung'aa zenye kadimiamu, metali ya sumu, ndiyo maana hizi za mimea zinatafutwa. Hata hivyo, rangi nayo ipimwe peke yake, kwani polima inaweza kuisha, rangi ikabaki.

Si za mimea? Zina ubaya gani?
Nyonyo nayo ni mmea, na mbegu zake zina sumu kali. Usalama hupimwa, haukisiwi.

Basi nizisubiri?
Usisubiri, mama yangu. Bado zinajaribiwa maabara, na anayekuuzia "dawa ya nano" stendi usimpe hata shilingi. Kama kuna kivimbe umekigusa, nenda hospitali wiki hii: kitapigwa ultrasaundi na, ikibidi, watachukua kinyama kidogo kipimwe. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza.