Mzinga wa Jules Verne: ilipofaulu hesabu na ilipokwama

Kumwita Jules Verne, mwandishi wa Kifaransa, nabii ni kumpunja. Katika riwaya yake ya 1865, ambamo watu watatu wanarushwa mwezini kwa mzinga kutoka Florida, hakubahatisha yajayo. Alichukua vitu vilivyokwisha kutoka maabara na kuvikuza kwa kipimo ambacho kiwanda chochote cha wakati ule kingekikimbia.

Kombora lake ni la alumini, metali ambayo mkemia Henri Sainte-Claire Deville alikuwa ameipatia mbinu mpya ya uzalishaji mwaka 1854 tu. Kinachowashwa ni ratili 400,000 za pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, kilipuzi alichokigundua mkemia Schönbein mwaka 1846. Kwa hewa ya kupumua anaazima mtambo wa wanakemia Regnault na Reiset: potasiamu kloreti inapashwa moto itoe oksijeni, na potashi kali inanyonya hewa ukaa. Anasema ratili 18 za kloreti zitatoa ratili 7 za oksijeni. Rudia hesabu hiyo kwa kemia ya leo, utapata jibu lilelile.

Hata kasi aliyoitaja, takriban kilomita 11 kwa sekunde, ni ileile inayohitajika ili kuuponyoka uvutano wa dunia. Kasoro imo kwenye urefu wa mzinga: futi 900, yaani mita 274. Chukua mraba wa kasi, gawa kwa urefu uliozidishwa kwa mbili. Mchapuko, yaani ongezeko la kasi kwa kila sekunde, unakuwa mita 220,000 hivi kwa sekunde mraba, zaidi ya mara 22,000 ya uvutano tuliouzoea. Abiria wa kilo 70 angeelemewa kana kwamba ana uzito wa tani 1,500.

Verne aliuona mshtuko huo, ndiyo maana akaweka chini ya sakafu maji ya kina cha futi 3, yenye vizuizi vya kuvunjika kimoja baada ya kingine. Lakini maji hayo yanawaongezea abiria futi 3 tu za kuchukulia kasi, juu ya zile 900. Nafuu yake haifiki hata nusu ya asilimia. Ili mchapuko ushuke hadi mara 10 ya uvutano, mzinga ungehitaji urefu wa kilomita 600 na ushei.

Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi, aliyekiri kwamba Verne ndiye aliyemwasha hamu, alichapisha mwaka 1903 hesabu za roketi: fueli inabebwa na kuchomwa kidogo kidogo, kasi ipatikane kwa dakika kadhaa. Ndiyo sababu wanaanga wa Apollo, mpango wa Marekani wa kwenda mwezini, waliondoka Florida wakibanwa kwa mara 4 hivi tu ya uvutano.